Themostati kwenye mkebe wa vifungo

Juzi mwanangu alimwaga mkebe wa vifungo sakafuni akitafuta cha shati la shule. Katikati ya vifungo na pini kikatoka kile kidude cha shaba chenye springi. Akakigeuzageuza, akasoma namba iliyogongwa ukingoni: 82. "Mama, hiki cha cherehani?"

Nikamwambia ni themostati, ya ile Hilux, pikapu yetu ya kubebea asali. Ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa ili ipate joto upesi. Maji yakifika digrii 82 unaanza kufunguka, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Akaridhika, akarudi kwenye vifungo vyake. Mimi nikabaki nimekishika.

Ilikuwa Juni 2009. Asali imeiva Sikonge na Ipole, na gari ndiyo kwanza limetoka kwenye ovahoo, injini imefumuliwa na kufungwa upya. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda, na gasketi inayoiziba isivuje imeungua. Fundi aliiskimisha hedi uso ukanyooka, akabadilisha ringi, gasketi, pampu ya maji na themostati. Pesa yote ya msimu uliopita iliishia pale. Siku tunalichukua alituambia mambo mawili: tusilibebeshe mzigo kwa kilomita 1,000 za mwanzo, na rejeta ingefunguliwa izibuliwe kabla gari halijaenda popote. La pili nililikataa mimi. Nilimwambia maji yanapita vizuri, rejeta tutaishughulikia msimu ukiisha. La kwanza tuliliitikia tu, mimi na kaka, huku tunajua wafugaji nyuki wa Ipole wanatusubiri.

Tulikwenda gari tupu, sindano ya joto imetulia katikati. Kurudi tulipakia ndoo 35. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo kama 28, msiifananishe na ndoo ya maji, kwa hiyo nyuma kulikuwa na karibu tani nzima. Hatujafika hata Sikonge sindano ikaanza kupanda. Tukasimama likapoa, tukaenda, ikapanda tena. Safari ya saa chache ikala usiku mzima. Na kila aliyesimama kutupa pole alikuwa na neno lilelile: gasketi imeungua tena, fundi kawala. Tulipoingia Isevya, hapa Tabora mjini kwa fundi, asubuhi, neno hilo lilikuwa langu.

Nilimkuta chini ya mwembe wake anakunywa uji. Mzee wa rika la baba yangu. Sikumwamkia. Nilianza hapohapo, mbele ya wateja wawili na spana boi wake: ametudhulumu, amefunga gasketi mbovu, nataka pesa yangu. Nilisema mengi, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Nilipomaliza akaweka kikombe chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti yake ya siku zote. Akamwambia kijana aniletee kigoda.

Lilipopoa alianza kazi. Akachomoa kijiti cha oili: safi, hakuna rangi ya chai ya maziwa, ile ya oili iliyoingiliwa na maji. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakagua mpira wake, akaacha mdomo wazi na kuwasha injini. Alisema hedi ikivuja, moshi wa silinda huingia kwenye maji na mapovu hayakatiki pale mdomoni. Yalitoka mawili matatu, maji yakatulia. Mkanda wa feni umekaza. Pampu inasukuma. Kaka alikuwa ameanza kuniangalia, mimi naangalia pembeni.

Ndipo akafungua nyumba ya themostati, akaitoa ile mpya, akaenda ndani akarudi na ile ya zamani, na akaomba sufuria.

Jiko la mkaa lilikuwa limeshawaka kwa ajili ya uji. Alifunga uzi kwenye kila moja, akazining'iniza kwenye kijiti alichokilaza juu ya mdomo wa sufuria, zizame majini bila kugusa chini, kwa sababu chuma cha chini, alisema, kina joto kuliko maji na kitatudanganya. Halafu akaniita. "Sogea uone mwenyewe."

Nikasogea. Alinieleza kwamba Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji ya hapa hayangoji digrii 100, yanachemka kwenye 96 hivi. Kwa hiyo mlango wa 82 lazima uwe wazi kabla sufuria haijatokota. Ikitokota na mlango bado umefungwa, basi yeye ndiye mwenye makosa, na pesa yangu atairudisha.

Nilikaa nimeinama pale, mvuke unanipiga usoni, mkaa unanipalia. Vipovu vidogo vilianza kujikusanya chini ya sufuria, vyembamba kama chembe za chumvi. Themostati zote mbili zimefumba. Vipovu vikaanza kupanda kimojakimoja. Bado zimefumba. Na mimi, nawaambieni ukweli, nilikuwa naomba zisifunguke. Nilikuwa nimeshamtukana mtu mzima mbele ya watu. Nilitaka shaba ile ishuhudie kwamba nilikuwa na haki. Sijui kama nimewahi kukiombea kitu mabaya kwa bidii namna ile.

Ya zamani ilianza. Mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ulitokea ukingoni mwa kile kisahani, ukapanuka. Kabla sijavuta pumzi na mpya ikafuata. Springi zikabonyea, visahani vikashuka taratibu, zote mbili wazi kabisa, na maji hayajatokota. Mzee akainua kijiti. Zikaning'inia hewani zikidondosha maji, na taratibu vilevile zikafumba. Akazirudisha. Zikafunguka tena. Hakusema neno.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulizunguka na mzigo mpaka sindano ikapanda, akazima injini, akanionyesha niweke kiganja karibu na rejeta. Pembeni ilikuwa moto wa kuunguza. Katikati kwenda chini ilikuwa baridi kama mtungi.

"Mwanangu, mliwahi kutia kitu humu?"

Nilijua. Machi ya mwaka uleule rejeta ilitoboka tukiwa porini, na mtu akatushauri unga. Ni mimi niliyefungua kikapu nikatoa konzi mbili za unga wa sembe, na manjano juu yake. Uvujaji ukakata, tukafurahi. Hatukufikiria kwamba unga kwenye maji ya moto unapikika. Baada ya hapo ndipo gari likachemsha mpaka hedi ikapinda, na kwa fundi tulifika na sentensi moja tu: limechemsha.

Kaka aliinamisha kichwa. Nikasema, "Hapana, Mzee."

Fundi wa rejeta aliyeyusha risasi akaitoa tangi ya juu. Karibu nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na kitu kigumu cha njano. Mzee alikikwangua kwa msumari, akakisugua kati ya vidole, akakinusa. Akajifuta mkono kwenye ovaroli. Kisha akanitajia bei ya kupitisha vyuma kwenye mirija na kulehemu, bei ya kawaida, na kabla sijaondoka akanipa ile themostati ya zamani. "Hii nzima. Weka ya akiba."

Hilux ile haikuchemsha tena mpaka tunaiuza. Wale wateja wawili waliokuwepo asubuhi ile sikuwaona tena, nao waliondoka na maneno yangu kama nilivyoyasema. Mzee alihamia kwa mwanawe Urambo. Naambiwa yupo, macho tu ndiyo yamepungua. Nimepita Urambo kwenda Kaliua mara nyingi, na kila mara kuna sababu ya kutosimama: giza linaingia, mzigo unasubiriwa, nimekwenda mikono mitupu.

Jana jioni mwanangu alirudi nacho mkononi. Anataka kuona kinavyofunguka. Nimemwambia Jumamosi, tukishafua. Uzi upo, sufuria ipo. Ataniuliza nilikipata wapi.