Kitabu cha saa moja

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi. Wateja wakiniona na earphone wanadhani nasikiliza mahubiri. Wala, ni riwaya.

Programu ya Libby ya kuazima vitabu kwa simu, inayosifiwa sana, inataka kadi ya maktaba iliyojiunga nayo, na nyingi ziko Marekani na Uingereza huko. Tusio na kadi hiyo tuna Open Library, maktaba ya mtandaoni: unajiandikisha kwa barua pepe, unaazima bila kulipa hata senti. Vitabu vingi ni vya saa moja moja. Saa ikiisha kinajirudisha chenyewe, na kama hakuna aliyekuwahi unaazima tena. Nakala moja, msomaji mmoja, hata kama ni ya kidijitali! Hapo ndipo ninapochoka. Umefika patamu, anaingia mama kumpimisha binti gauni la kipaimara, ukirudi kimeshafungwa.

Kwa hiyo kazini ni LibriVox. Tangu 2005 watu wanajitolea kusoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha. Unapakua moja kwa moja, hakuna kurudisha, na bando likikata unaendelea tu. Vingi ni vya Kiingereza, na wasomaji wengine, jamani, wanakimbia kama konda anayeita abiria wa Arusha. Hao nawaruka.