Kuwatembeza Wageni Waonje Soko la Lamu: Vipimo, Mpangilio na Yanayoharibika

Matembezi ya kuonja yakiharibika Lamu, mara nyingi huharibikia tumboni kabla ya nusu ya njia. Mgeni hupewa mahamri mawili mazima na sahani ya mbaazi kituo cha kwanza, huyala yote kwa adabu, kisha kila kitu kinachofuata hukitazama tu. Samaki akija, mgeni anashika tumbo. Kazi ya mwongozaji basi ni kupima na kupanga. Maneno ya historia ni ya kujazia njia.

Kundi la watu sita latosha. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni mwembamba, na mwenye punda akipiga "simile!" watu sita hujibanza ukutani wakapisha. Watu kumi huziba njia, wa nyuma hawasikii kitu, na muuzaji mwenye meza ndogo anakosa pa kuwahudumia wateja wake wa kila siku. Hao wateja ndio wanaomlisha mwaka mzima, hata msimu ambao hakuna mtalii. Wakizuiwa mara mbili tatu, muuzaji atawakataa wageni wako, na atakuwa na haki.

Pita siku moja kabla uwaarifu wauzaji: tutakuja saa fulani, tuko wangapi, tutataka kiasi gani. Siku hiyo hiyo waulize wageni wako nani hali nyama, nani hawezi njugu, nani akila kamba anavimba midomo, nani ana sukari. Asiyekula nyama aelezwe kwamba sambusa za nyama huenda zimekaangwa kwenye karai moja na viazi, mafuta yale yale. Wengine hawajali, wengine wanajali sana, na jambo hili ni la kujua kabla ya tonge kuingia kinywani. Pesa ziwe noti ndogo, za hamsini na mia. Ukimpa mama wa vitumbua noti ya elfu asubuhi mapema, umemsimamishia biashara. M-Pesa inasaidia, lakini wakati mikono yake imejaa unga asisumbuliwe kutazama simu.

Anzeni saa moja na nusu asubuhi, mkutane uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela kwa miaka mingi hadi 1984, na sasa ni makumbusho; hayo yatosha kusemwa mkiwa mmesimama kivulini, maana soko liko ubavuni mwake na halingoji.

Kabla ya kula chochote, ingieni upande wa samaki. Hapa hakuna kuonja, kuna kuchagua. Mwoneshe mgeni macho ya samaki: yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama na kufanya ukungu. Funua matamvua, yawe mekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama irudi juu, alama isibaki. Samaki mbichi hunuka bahari. Akianza kunuka kile tunachokiita "samaki", amekwisha lala.

Kwenye barafu pana jambo ambalo waongozaji wengi hawalisemi. Jodari, vibua na nguru, wakikaa juani bila barafu, nyama yao hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa ndimu wala kwa pilipili. Mlaji huanza kuwa mwekundu usoni, kichwa kinagonga, mwili unawasha, wakati mwingine anatapika, yote ndani ya dakika chache hadi saa chache. Watu husema "samaki amemkataa", lakini samaki hana kosa, kosa ni la jua. Basi ukiona barafu ni ya kubahatisha, mwache nguru hata akiwa mnene na wa kuvutia, chukua changu. Tafi naye ni mtamu sana, ila miiba ya mgongo wake ina sumu inayouma vibaya, kwa hiyo asafishwe na mwenye kuzoea, na mgeni asiruhusiwe kumshika kwa ajili ya picha.

Kwa watu sita, kilo moja ya samaki inatosha kuonja. Mpelekee mpishi mara moja, pale pale saa mbili kasoro, amtie chumvi, ndimu, kitunguu thomu na pilipili, kisha amwache alowe. Mtarudi saa nne. Wakati huo atakuwa ameshachomwa kwenye makaa na kupakwa rojo la tui zito, ukwaju na bizari. Kinachoharibika katika samaki wa kupaka ni haraka: tui likipakwa mapema, samaki hajaiva, linaungua nje na kuwa chungu huku ndani pabichi. Achomwe kwanza upande na upande, ndipo apakwe kidogo kidogo, ageuzwe, apakwe tena.

Sasa kuleni. Kanuni ya jumla ni kilicho pole kwanza, chenye makali baadaye, kitamu mwisho. Ulimi uliokwisha ungua kwa pilipili hausikii nazi, na uliojaa sukari hausikii kitu. Kwa hiyo fungua na dafu, moja kwa watu wawili, kila mtu na kikombe chake. Nyama laini ya ndani ikwanguliwe kwa kipande cha kumbi, wengi hawajui kama inaliwa.

Kisha mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri matatu kwa watu sita, kila mtu nusu, na sahani mbili ndogo za mbaazi zenye vijiko sita. Mpasue hamri mbele yao waone uwazi wa ndani. Hamri zuri limevimba kwa sababu unga ulikandwa kwa tui, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa unene wa wastani na kuingia kwenye mafuta yaliyokwisha pata moto. Mafuta yakiwa baridi, hamri halifufuki. Linakaa bapa na kunywa mafuta, ukilibana linalia. Likisukumwa jembamba mno linakuwa gumu kama biskuti. Ukiliona hivyo siku hiyo, usiwaambie wageni ndivyo yalivyo mahamri ya Lamu. Nenda kwa muuzaji mwingine.

Mbaazi nazo zina siri moja tu, nayo ni tui. Zikishalowa usiku kucha na kuchemka hadi kulainika, hutiwa tui jepesi kwanza, zito likaja mwisho kwa moto mdogo. Tui zito likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Bado zinalika, lakini ule ulaini wa kufunika ulimi haupo tena.

Vitumbua ndivyo vinavyovunja kanuni. Ni vitamu, vingestahili kuja mwisho, lakini vizuri huisha mapema, na kitumbua kilichopoa kinabaki mafuta na sukari tu. Basi liwe tonge dogo, nusu kwa kila mtu, kikiwa cha moto kutoka kwenye chuma. Mchele uliolowekwa usiku na kusagwa kwa tui ndio unaokipa ukingo wa kahawia na vitundu vya ndani. Ukisikia uchachu mkali, donge lililala zaidi ya kiasi. Baada ya hapo mpe kila mtu maji, mtembee vichochoroni dakika kumi, muingie mtaa wa Mkomani na kutoka.

Upande wa matunda na mboga hutegemea mwezi. Embe huwa nyingi tangu Novemba hadi Machi hivi, na hapo tafuta ngowe, ile ndefu isiyo na nyuzi nyingi. Embe moja yatosha watu watatu. Nje ya msimu usiwape embe iliyolazimishwa kuiva, wape papai lenye ndimu. Majira ya kaskazi bahari imetulia na samaki ni wengi. Kusi ikivuma, meza za samaki hupungua na bei hupanda, kwa hiyo bei ya matembezi ya Juni isipangwe kwa hesabu za Januari.

Ndipo zije chachu na kali. Viazi karai, kimoja kwa mtu, na chatne ya ukwaju pembeni badala ya kumwagiwa juu. Achari ya embe kwa ncha ya kijiko, hakika ncha tu. Mabuyu mawili matatu kwa kila mtu, na hapa onya mapema: mbegu humung'unywa, haitafunwi. Meno yamevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Rangi nyekundu itashika vidole na nguo nyeupe, na wageni wanapenda sana kuvaa nyeupe Lamu. Maji ya ukwaju ulizia maji yaliyotumika, kama yalichemshwa au ni ya chupa, na barafu ilitoka wapi. Muuzaji mzuri haoni ubaya kuulizwa ukimuuliza kwa upole, umeanza na salamu yako ya "sabalkheri" na kumwita Bi fulani kwa jina lake.

Mgeni kutoka Ufaransa ana mazoea yake ambayo yafaa kuyajua. Katika masoko ya kwao ni jambo la kawaida muuza jibini kukukatia kipande uonje bure kabla ya kununua, na kanuni yao ya kuonja ni kama yetu: jibini bichi ya mbuzi mwanzo, Comté iliyokaa ghalani angalau miezi minne katikati, na Roquefort ya maziwa ya kondoo, yenye mishipa ya buluu na chumvi kali, mwisho kabisa. Hapa kwetu mama wa vitumbua anauza kimoja kimoja. Kipande chake cha bure ni faida yake iliyoliwa. Mweleze mgeni tangu Mkunguni kwamba kila anachoonja kimelipiwa, asinyooshe mkono kwenye meza nyingine. Kwa upande wa kugusa, yeye huenda akawa na adabu kuliko sisi, kwani kwao muuzaji ndiye anayemchagulia mteja tunda, kwa hiyo mtu wa mji wa Nice anaweza kusimama mbele ya fungu la nyanya akingoja ahudumiwe huku wenzake wakiminya. Na akiona unga wa dengu kwenye bhajia, mwambie ni ndugu wa socca yao: unga huo huo, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, huokwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri ya kuni. Hapo anakuwa mwenyeji mara moja.

Saa nne rudini kwa mpishi. Samaki aliwe kwa mkono, na wali wa nazi vijiko viwili tu, si sahani. Watu wataomba zaidi. Wape samaki, wanyime wali.

Funga kwa kahawa chungu na halua. Robo kilo ya halua kwa watu sita, ikatwe vipande vidogo. Wanga, sukari, samli na iliki iliyokorogwa kwa muda mrefu juu ya moto si kitu cha kula kwa wingi. Halua iliyopikwa vizuri huvutika na kung'aa, haishiki meno kama gundi wala haina chembe za sukari. Kahawa itoke kwenye dele, birika lake, yenye tangawizi, bila sukari, na mgeni aume halua kwanza ndipo anywe. Akinywa kwanza atakunja uso na hatarudia.

Ijumaa malizeni kabla ya saa tano, maduka yanafungwa na watu wanakwenda kuswali. Mwezi wa Ramadhani hakuna matembezi ya asubuhi kabisa. Yahamishwe usiku baada ya futari, wakati mishkaki, kaimati na mkate wa mofa viko mitaani na watu wamechangamka, na hakuna mgeni anayetafuna mbele ya aliyefunga. Mabega na magoti yafunikwe siku zote. Picha za meza ruksa kwa idhini. Za akina mama, waulizwe wao wenyewe, na jibu la hapana lisibembelezwe.

Kuhusu malipo, mlipe kila muuzaji bei yake ya kawaida, papo hapo, na kama kundi limemchukulia muda mwingi umwongeze kidogo. Usiombe asilimia. Mwongozaji anayekula asilimia mwisho huwapeleka wageni penye asilimia kubwa badala ya penye hamri zuri, na wauzaji hupandisha bei ili wamlipe. Akishajulikana, hata wenyeji wanaanza kuuziwa kwa bei ya mgeni.

Wanaotaka kubeba: halua inasafiri vizuri ikifungwa isiingie hewa. Achari inavuja, basi kifuniko kizungushiwe mfuko, chupa itiwe ndani ya nguo, na iingie kwenye begi la kupakiwa kabla ya kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, na papa mkavu ni kwa anayekwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Hotelini watamtoa nje.