Ninavyopima stadi za vidole kwa mtoto mdogo

Kabla ya kutoa kifaa chochote naangalia kiti. Nyayo zikining'inia, mtoto hutumia nguvu kujizuia asianguke, na mkono huonekana dhaifu kuliko ulivyo. Miguu ikanyage sakafu au kiboksi, meza iwe usawa wa kiwiko. Umri naukokotoa kwa miezi. Mtoto njiti ambaye hajatimiza miaka 2 namtolea wiki alizowahi kuzaliwa.

Vifaa ni vichache: vipande 10 vya mbao vya mchemraba, kila upande sentimita 2.5, shanga kubwa na uzi wenye ncha ngumu, penseli fupi, karatasi, mkasi butu. Vyote naviweka katikati ya meza. Ukimpa kitu kwa upande wa kulia, umeshamchagulia mkono. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja tu namwelekeza kwa daktari, maana huenda ule mwingine una udhaifu. Ushoto wa kawaida haujitokezi wazi mapema hivyo.

Mnara wa vipande 3 au 4 hutarajiwa kwenye miezi 18, 6 kwenye miaka 2, 9 kwenye miaka 3. Hesabu hiyo peke yake hainitoshi. Wapo wanaoshika vizuri kabisa ila mnara huporomoka kila wanapofungua vidole. Hao shida yao ni kuachia, na mazoezi ya kubana hayatawasaidia.

Kwenye kuchora ndiko matokeo mengi huharibika. Duara hutarajiwa karibu na miaka 3, msalaba 4, mraba kati ya 4 na nusu na 5, pembetatu baadaye kidogo. Lakini kunakili umbo lililokwisha kuchorwa ni kugumu kuliko kuiga mkono unaochora mbele yako. Naanza na kadi yenye umbo lililochorwa tayari. Akishindwa, nachora akiona, na naandika matokeo mawili tofauti. Fomu inayoyachanganya siiamini.

Kwenye mkasi natazama kidole gumba: kikielekea chini na kiwiko kikipanda pembeni, bado hajaumudu. Karatasi nyepesi hujikunja kati ya makali, kwa hiyo natumia nzito kidogo.

Akikataa zoezi naandika "amekataa", kamwe si "hawezi", na nalirudia siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi.