Ufa kwenye bloku ya Massey Ferguson 135: vizibo 23

Trekta letu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, na limelima mashamba ya alizeti na mtama ya ukoo wetu upande wa Kongwa, mkoani Dodoma, tangu kabla sijazaliwa. Mwezi Juni, likiwa linaendesha mashine ya kupukuchulia alizeti, makapi yaliziba rejeta bila mtu kuona, maji yakachemka hadi yakaisha, na baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akamimina ndoo nzima ya maji ya kisima kwenye injini iliyokuwa bado ya moto. Chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kasti, hakipindi: upande uliopoa ulisinyaa ghafla, upande wa pili ukabaki umetanuka, na bloku, yaani mwili wa injini, ikapasuka.

Tarehe 9 Agosti nilisafisha ubavu wa injini, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta kwa kitambaa kikavu, kisha nikapaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalianza kulowanisha chaki, na mstari mweusi mwembamba kama unywele ukajichora wenyewe, urefu wa milimita 90. Oili kwenye dipstiki ilikuwa safi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa inayotokea maji yakiingia kwenye oili, na hilo lilinipa moyo kwamba ufa umeishia kwenye ukuta wa nje wa njia ya maji.

Fundi wa kwanza aliuchomelea kwa rodi za kawaida bila kuipasha bloku moto kwanza, na ilipopoa ulitokea ufa mpya mfupi kandokando ya weldi yake. Nilimlipa, jambo ambalo bado linaniuma. Kuipasha bloku nzima kungetaka kuishusha, na trekta hili halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo inayounganisha ekseli ya mbele na giaboksi, kwa hiyo kuitoa ni kulikata trekta vipande viwili. Niliamua kuushona ufa kwa baridi, yaani kuuziba kwa vizibo vya bolti bila kuchomelea, injini ikiwa mahali pake.

Kazi hiyo imekula Jumamosi nne. Nilikata weldi kwa tindo na msasa, nikatoboa tobo dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, na ule mfupi nikauweka kwenye mstari uleule wa kushonwa. Kisha nilitoboa kwa drili ya milimita 5, nikakata meno ya skrubu ndani ya tobo kwa tapu ya milimita 6, nikafunga kizibo, yaani kipande cha bolti ya chuma laini kilichopakwa gundi ya kuzuia maji, nikakikata na kukisawazisha kwa nyundo ndogo. Tobo linalofuata hukata sehemu ya kizibo kilichotangulia, ili vishikane kama mnyororo na pasibaki nafasi ya ufa kati yao. Tapu moja ilinikatikia kwenye kizibo cha 11, nami nilikaa saa tatu nikiidokoa kwa msumari uliochongwa, huku baba mdogo akinishikia tochi bila kusema neno.

Jana, tarehe 13 Septemba, nilifika kizibo cha 23. Nilisukuma maji mengi kupitia njia za ndani ili kutoa chenga za chuma, na pamoja nazo yalitoka magamba meupe kama ukoko wa birika, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi. Nadhani magamba hayo yalichangia joto kupanda kuliko tulivyodhani, na sasa rejeta itajazwa maji ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu.

Mwishowe niliziba njia zote za maji, nikasukuma hewa kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi shinikizo la psi 10, nikapaka povu la sabuni. Kwenye kizibo cha 7 na cha 8 yalitokea mapovu madogo yanayokua taratibu. Kwingine kote kukatulia. Hivyo viwili nitavitoboa nivitoe, nifunge vingine vyenye gundi mpya na kupima tena Jumamosi ijayo. Jembe limeshanolewa, na mvua za kupandia hapa kwetu huanza Desemba.