Baba na Mkondo wa Uwajima

Jana jioni nilikuwa namwandalia Zuhura maji ya kuoga. Kabla sijayakoroga, akatia mkono beseni, akauliza mbona juu kunachoma na chini kuna baridi. Nikamkumbuka Baba, mwaka ule alipokuja bara kutoka Vanga, kijiji chetu cha pwani, kutibiwa macho, akakaa nasi South B, Nairobi.

Kelele za matatu zilimnyima usingizi, basi usiku nilikuwa namsomea masomo yangu ya Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hiyo ilikuwa habari ya Mlango-bahari wa Bungo, Japani, kati ya Kyushu na Shikoku. Wakati wa kiangazi, maji ya moto kutoka mkondo wa Kuroshio hujipenyeza kaskazini kwa ghafla, yakiambaa pwani ya Shikoku hadi Ghuba ya Uwajima. Bahari hupanda joto nyuzi kadhaa kwa siku moja, na maji huenda kwa kasi. Wenyewe huuita mkondo huo kyucho. Katika Ghuba ya Sagami, mikondo ya namna hiyo imewahi kuharibu nyavu kubwa zilizotegwa kwa nanga.

Nilipofika pale paliposema kwamba huko Bungo kyucho huja hasa wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, si wakati wa bamvua, inapojaa na kupwa sana, Baba akainuka.

"Ungesema bamvua, sawa. Maji mafu bahari imelala, mwanangu."

Akaenda jikoni akipapasa ukuta. Akataka sufuria ya maji baridi na kikombe cha chai ya rangi iliyochemka. Aliinamisha kikombe hadi mdomo wake ukagusa maji, akamimina polepole. Chai ikatambaa juu, utando mwekundu mwembamba, ikafika ukingo wa pili chini kukiwa bado kweupe. Yeye hakuuona vizuri, akaufuata kwa kidole: moto, moto, moto. Akakizamisha: baridi. Kisha akachukua mwiko, akakoroga, akaniambia nimimine tena asiache kukoroga. Chai ikapotelea palepale ilipoangukia.

"Bamvua ndiyo huu mwiko," akasema.

Ndivyo kitabu kilivyoeleza, kwa kurasa nyingi: bamvua huchanganya maji ya juu na ya chini, maji mafu huyaacha yapangane, na yale ya moto, kwa wepesi wake, hupata njia.

Akauliza wenye nyavu huambiwa na nani. Nikamwambia wapo wanaopima joto la bahari na kuwapa wavuvi habari.

"Na sisi Vanga, anatupimia nani?"

Muhula uliofuata nilikuwa nihamie masomo ya biashara. Sikuhama. Huenda ni kwa swali hilo, huenda ni kwa furaha niliyomwona nayo pale jikoni, siwezi kuvitenga.