VM ikikosea hesabu, ufunguo wako ndo unaumia
TLS, ile itifaki inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ikigoma ndani ya VM (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine) watu wanakimbilia setifiketi, saa ya mashine, mtandao, prosesa hakuna hata anayeifikiria. Lakini VM ikiendeshwa kwa emyulesheni tupu bila KVM (inayoiachia VM itumie prosesa halisi moja kwa moja), amri za prosesa zinaigizwa na programu, na programu ina bagi kama programu nyingine yoyote.

Chukua ADCX na ADOX. Ni amri za prosesa za kundi la ADX, za kujumlisha namba kubwa, na kila moja ina "moja mkononi" yake, ADCX inaiweka kwenye CF, ADOX kwenye OF (biti za hali ndani ya prosesa), ili minyororo miwili ya kujumlisha iende sambamba bila kugusana. QEMU, programu ya kuendesha VM, iliwahi kuchanganya hapo hapo, amri moja ikifuatwa na mwenzake ile ya mkononi inasomwa vibaya, ikarekebishwa 2023. Sasa OpenSSL, laibrari ya usimbaji, ikiuliza CPUID (amri inayotaja uwezo wa prosesa) ikaambiwa ADX ipo, inachukua njia ya kasi kwa X25519 na RSA (kanuni za usimbaji zinazotumia funguo), jibu linatoka sio, na hakuna kinachokrashi. Hapo ndo panaponitisha.

RSA ndo mbaya zaidi. Kwa CRT, njia ya mkato ya hesabu ya RSA, sahihi (yaani saini ya kidijitali) inapigiwa hesabu mara mbili, upande wa p na upande wa q, namba tasa mbili za siri ambazo zikizidishwa zinatoa N, halafu zinaunganishwa. Upande mmoja ukikosewa na sahihi ikatoka nje hivyo hivyo, Boneh, DeMillo na Lipton walishaonyesha tangu 1997 kwamba kosa la hivyo linavujisha ufunguo, na Arjen Lenstra akaonyesha kwamba hiyo moja inaweza kutosha: unaipandisha kwa kipeo e cha ufunguo wa wazi, unatoa ujumbe, unatafuta kigawo kikubwa cha shirika na N, namba tasa hiyo hapo, ufunguo wa siri kwisha. Kwa hiyo laibrari ihakiki sahihi yake yenyewe kabla ya kuitoa, na anayefuta hiyo hatua eti apate spidi anacheza na moto.

Halafu jamani msipime kwa kufunga na kufungua faili humo humo. AES-CTR, njia mojawapo ya kufunga data, inafanya XOR (kuchanganya biti kwa biti) ileile pande zote mbili, AES ikikosea kwa namna ileile faili linarudi safi kabisa, kumbe mashine nyingine haitalifungua. Linganisha na majibu yanayojulikana, SHA-256 (alama ya kidole ya data) ya abc lazima ianze na ba7816bf, na AES na RSA nazo zina vekta zake za majaribio. Ukishuku ADX, izime kwa kuweka OPENSSL_ia32cap=":~0x80000" urudie, jibu likibadilika mshukiwa wa kwanza ni emyuleta, na funguo zote zilizotengenezwa humo zitupe, tengeneza nyingine kwenye mashine halisi.