Jiwe la Baba Mdogo

Likizo ya mwaka wa pili chuoni, 2006, nilishuka basi Tunduru nikiwa na begi moja na nyundo ya jiolojia niliyoiazima maabara. Nyundo ile ndiyo iliyoniponza. Sijamaliza hata kunawa vumbi, baba mdogo keshaiona.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hiyo ndiyo ya kupasulia miamba? Basi Mungu kakuleta."

Akaingia ndani, akatoka amekumbatia mfuko uliowahi kuwa wa salfa ya mikorosho. Ndani mlikuwa na mawe meusi saba, kila moja limeviringishwa kipande cha kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Aliyaokota korongoni, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kuelekea mto Ruvuma. Dalali mmoja alikuwa amemhakikishia kwamba ni makaa ya mawe, tena amepokea fedha za "kufungulia njia" ya leseni. Fedha zenyewe zimetoka wapi, mzee hakusema. Mama mdogo ndiye aliyeninong'oneza jikoni: mikorosho arobaini imekodishwa kwa mtu, misimu miwili.

Nikalichukua jiwe kubwa kuliko yote. Nilipolipima tu mkononi, nikaishiwa nguvu. Lilikuwa zito. Makaa ya mawe ni mepesi, ukiyashika unashangaa. Hili lilining'iniza mkono kama jiwe jingine lolote. Nikalikwaruza kwa kisu, likatoa unga wa kahawia. Vidole vyangu vikabaki safi.

"Tulitie motoni," akasema baba mdogo, ananiona nasitasita.

Mama mdogo akaepua sufuria ya maharage bila kuulizwa. Tukalilaza jiwe juu ya mkaa, mzee akashika upepeo mwenyewe. Dakika chache kupita, ukingo wake ukashika moto, mwali wa njano wenye moshi mweusi, na harufu kama ya lami barabarani. Mzee akajipiga paja. "Linawaka! Mama fulani, si unaona linawaka?" Watoto wa jirani walikwisha kujaa mlangoni.

Mwali ukazimika. Akapepea mpaka majivu ya mkaa yakaturukia machoni, haukurudi. Nikalitoa jiwe kwa koleo nikaliweka chini. Lilikuwa na ukubwa uleule, ila kingo zimegeuka kijivu.

"Makaa ya mawe yakiungua yanabaki majivu," nikamwambia. "Hili limebaki jiwe."

Nikajaribu kumweleza: ni matope ya zamani sana, yaliyotua taratibu chini ya maji yakiwa yamechanganyika na mabaki ya mimea na viumbe, yakagandamizwa yakawa mwamba. Mafuta yamo, ndiyo yaliyowaka, lakini kidogo. Kilichobaki chote ni udongo. Hakunijibu. Akaanza kuyafunga mawe tena kwenye vile vipande vya kanga, moja baada ya jingine, hata lile lililoungua.

Usiku, barazani, ndipo nilipomtaja Joseph Thomson. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimekutana naye maktaba, kwenye nakala ya makala yake ya 1882 kuhusu bonde la Ruvuma. Wengi wanamjua kwa jina tu, kwa sababu ya swala tomi aliyeitwa kwa jina lake. Alikuwa Mskoti wa kijiji cha Penpont, mtoto wa mwashi aliyekuja kukodi machimbo ya mawe, na humo machimboni ndimo alimoanza kuyasoma mawe kabla ya kwenda chuo kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1879 aliingia bara la huku akiwa mwanajiolojia wa msafara wa Keith Johnston. Johnston akafa kwa kuhara damu kule Behobeho, karibu na Rufiji, na kijana wa miaka ishirini na moja akabaki na msafara mzima. Akaufikisha Ziwa Nyasa, kisha Tanganyika, na kuurudisha pwani.

"Peke yake?"

"Msimamizi wa wapagazi alikuwa Chuma. Yule aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo."

Baba mdogo akakaa wima kwa mara ya kwanza tangu jioni. "Chuma Myao?"

"Myao."

"Basi sema Chuma alimfikisha huyo Mzungu." Sikumbishia. Mpaka leo naona alisema kweli.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli za mvuke, na meli hula makaa. Alikuwa amesikia kwamba Ruvuma yapo. Akamwajiri Thomson akayatazame. Thomson akapanda bonde lile, akafika palipotajwa, akapasua, akatazama, akarudi Unguja na jibu: si makaa ya mawe, ni mwamba wa matope wenye mafuta kidogo. Sultani hakufurahi hata kidogo. Thomson alikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri wangu siku ile.

Watu humsifu kwa safari ya 1883 ya kupita Umasaini, alikojifanya mganga kwa kung'oa meno yake ya bandia na kutia majini chumvi ya kutuliza tumbo mpaka itoe povu. Ni hadithi tamu. Mimi namheshimu zaidi kwa siku ile aliyosimama mbele ya mwajiri mwenye enzi na kumwambia hakuna kitu. Alikufa London mwaka 1895, hajatimiza arobaini.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alichimba kwenda chini kiasi gani?"

"Sijui, baba mdogo."

"Basi." Akachukua kandambili zake akaingia ndani kulala.

Dalali hakuonekana tena kijijini. Mikorosho ilirudi baada ya misimu miwili, imeachwa bila kupogolewa. Lile jiwe lililoungua likawa la kuzuia mlango wa jikoni, na mama mdogo alikuwa akilipiga teke kila akipita.

Mwaka 2011, mgodi wa Ngaka kule Mbinga ulipoanza kutoa makaa ya mawe, simu yangu ililia alfajiri, kabla sijaamka sawasawa.

"Umesikia redioni? Mkoa wa Ruvuma, makaa ya mawe. Malori kwa malori."

"Ni Mbinga, baba mdogo. Mito ya kule inamwaga Ziwa Nyasa, hata bonde si moja na letu."

"Mkoa ni mmoja," akasema. "Ile nyundo bado unayo?"